"Nimepata sifuri, moyo wangu ni mzima" na mengine ninayoyasikia kuhusu CT ya moyo

Watu huniletea majibu ya skoa ya kalsiamu, namba inayotokana na picha ya CT ikionyesha kiasi cha kalsiamu kwenye ateri za moyo, yaani mishipa inayoulisha moyo damu, kana kwamba wameleta cheti cha kuhitimu. Karatasi inasema 0. Basi kolesteroli iliyo juu haina neno tena, presha tutaiangalia siku nyingine, na ule uzito unaomkaa mgonjwa kifuani kila akipanda ngazi anauita gesi. Anachotaka ni mimi nikubali tu. Sikubali.

Kipimo hicho kinaona kitu kimoja: chokaa, yaani hiyo kalsiamu iliyoganda ukutani mwa ateri. Unalala, unabana pumzi sekunde chache, mashine inapiga picha ikifuatana na mapigo yako kwa msaada wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), bila kontrasti, ile dawa inayochomwa mshipani ili njia ya damu ionekane kwenye picha. Halafu kompyuta inatafuta ndani ya ateri za moyo kila doa lenye uniti 130 za Hounsfield (kipimo cha uzito wa kitu kwenye picha ya CT) au zaidi, na eneo la doa linazidishwa kwa namba kati ya 1 na 4 kadiri lilivyo zito. Jumla ndiyo skoa ya Agatston, iliyoanzishwa na Arthur Agatston na wenzake mwaka 1990. Sasa, utando wa mafuta kwenye ukuta wa ateri hauzaliwi na chokaa. Huanza laini, na chokaa huja baadaye, pengine baada ya miaka mingi. Ule laini kipimo hiki hakiuhesabu kabisa, na utando wenye mafuta mengi chini ya ngozi nyembamba ndio hasa unaopasuka, damu ikaganda juu yake na mtu akapata shambulio la moyo.

Ndiyo maana sifuri hazilingani. Sifuri ya mtu wa miaka 70 ni habari njema kweli, nami humpongeza. Ya mtu wa miaka 35 hainiambii mengi, kwa sababu wengi wa rika lake wana sifuri, wakiwemo watakaougua. Mwongozo wa kolesteroli wa Marekani wa mwaka 2018 unaruhusu kuahirisha statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa mtu mwenye hatari ya wastani akipata sifuri. Wagonjwa wangu wanaijua sehemu hiyo kwa moyo. Inayofuata hawakuifikia: ruhusa hiyo haimhusu mvuta sigara, mwenye kisukari, wala mtu ambaye wazazi au ndugu zake walipata ugonjwa wa moyo mapema. Tena sifuri haidumu milele. Kwa wengi tunarudia baada ya miaka mitano hivi, na kwa mwenye kisukari mapema zaidi.

Mwenye dalili ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Skoa ya kalsiamu ni ya kukadiria hatari kwa mtu asiyeumwa. Kifua kinachobana ukijitahidi na kutulia ukipumzika kinahitaji uchunguzi wake, mara nyingi CT ya ateri kwa kontrasti, ambayo inaonyesha hata utando usio na chokaa na jinsi njia ilivyosinyaa. Utafiti wa SCOT-HEART huko Scotland uliwafuatilia wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua. Baada ya miaka mitano, waliokufa kwa ugonjwa wa ateri za moyo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 kati ya waliofanyiwa CT hiyo, na asilimia 3.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida peke yake. Waliowekewa stenti (kijibomba cha kuutanua mshipa) au kufanyiwa upasuaji walikaribiana kwa idadi pande zote mbili. Kilichozidi upande wa CT ni dawa za kinga. Na kifua kikibana umekaa tu, hakiachii, jasho linakutoka, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwe na sifuri au usiwe nayo.

Upande wa pili yupo mwenye 400 anayetaka stenti wiki hii. Skoa si asilimia ya kuziba. Ateri inaweza kujaa chokaa ukutani na damu ikapita vizuri, kwa kuwa mara nyingi mshipa hupanuka kwa nje kadiri utando unavyokua. 400 ni hatari kubwa, sibishi: statini, presha idhibitiwe, sigara iishe. Lakini utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 5,179 wa ugonjwa wa ateri za moyo uliotulia, haukuona kwamba kukimbilia stenti au upasuaji kunapunguza vifo au mashambulio kuliko kuanza na dawa.

"Statini imenipandishia kalsiamu." Inawezekana, na si sababu ya kuiacha. Statini huufanya utando laini kuwa mgumu na tulivu zaidi, kwa hiyo namba inaweza kupanda huku hatari ikishuka. Ukishaanza statini, acha kurudia skoa. Pima kolesteroli.

"Ni maziwa." Siyo. Chokaa ya kwenye ateri ni alama ya uvimbe sugu wa ukuta wake, haitoki kwenye glasi. Kuna walioacha maziwa na sigara bado wanavuta.

"Mionzi itaniua." Skoa ya kalsiamu hutumia takriban milisiveti 1, wastani wa mionzi ya asili duniani ni kama 2.4 kwa mwaka. CT ya kontrasti mara nyingi huzidi milisiveti hiyo 1, kutegemea mashine na mapigo yako.

"Kamba na kaa vinanidhuru, kwa hiyo sichomwi kontrasti." Mzio huo ni wa protini za wanyama hao, iodini haihusiki. Ninachotaka kujua ni kama kontrasti yenyewe iliwahi kukudhuru, na figo zako zikoje. Siku ya CT ya kontrasti usinywe kahawa, maana tunataka mapigo yashuke hadi kama 60 kwa dakika. Na kama umetumia dawa ya nguvu za kiume siku hizo mbili tatu, sema, hata kwa kunong'ona: tunaweka nitrogliserini, dawa ya kupanua mishipa, chini ya ulimi, na zikikutana hizo mbili presha huanguka ghafla.