Ilemela na vinyayo vya herufi

Andika Ilemela, jina la wilaya ya huku Mwanza, kwenye kompyuta kwa fonti ya Arial, kisha litazame. Herufi mbili za mwanzo, I kubwa na l ndogo, ni vijiti viwili tu vimesimama bega kwa bega. Sisi wa Mwanza tunalijua jina, kwa hiyo hatuhangaiki, mgeni hubahatisha. Sasa libadilishe liwe Times New Roman. I imepata vinyayo juu na chini, l ina kijipembe kushoto juu na unyayo chini. Kila moja ina sura yake.

Vinyayo hivyo ndivyo wachapaji huviita serifu. Ni vya kale: Warumi walivichonga kwenye mawe, na maandishi ya nguzo ya Trajan mjini Roma, ya mwaka 113, yanavyo hadi leo. Tazama pia unene wa mistari. Herufi o imenenepa ubavuni na kukonda juu na chini, kama iliyoandikwa kwa kalamu ya nibu.

Times New Roman ilitengenezewa gazeti la The Times la London. Stanley Morison alisimamia kazi, Victor Lardent akachora, na gazeti likaanza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Safu za gazeti ni finyu, hivyo herufi zikabanwa ili maneno mengi yaingie. Nami huwakumbusha hilo wanaoleta tasnifu kwenye kitengo chetu cha uchapaji. Ukiitumia kwa saizi 12 kwenye karatasi ya A4 yenye pambizo za kawaida, mstari mmoja hubeba herufi kama 90, nafasi zikiwemo. Jicho husoma kwa raha zikiwa 60 hadi 75. Zikizidi hapo, ukirudi kushoto unajikuta umesoma mstari uleule mara ya pili. Ile nafasi ya mstari mmoja na nusu wanayodai walimu huokoa kiasi. Mimi ningepanua pambizo kwanza, ila chuo kina kanuni zake.

Kwa vitabu, ripoti na mihtasari ya vikao, fonti hii bado inafaa. Usiipeleke ubavuni mwa mtumbwi. Jina linalotakiwa kusomeka kutoka majini, chombo kikikaribia mwalo wa Kirumba, linataka mistari minene pande zote. Ile myembamba humezwa na mwanga wa ziwa.

Adui mwingine ni fotokopi. Wino wa mashine ukipungua, kinachopotea kwanza ni kile kijistari cha katikati ya e. Kuna aliyeniletea nakala ya nakala ya nakala, imetoka steshenari, imeandikwa "Ilcmcla". Ukijua karatasi yako itazungushwa hivyo, panda hadi saizi 13 au 14, na umwachie mwenye mashine karatasi halisi ili kila nakala itokane nayo.