Lori ya vita ya Rongai: logbuku inasema 1941, bloku ya injini inasema nini?

Jamaa alinipigia simu kutoka Rongai, ile ya njia ya Eldama Ravine, akasema ako na lori ya vita ya marehemu babu yake, ya 1941, injini ni ile ile ilitoka nayo kiwandani, na mnunuzi ameshapatikana, imebaki tu fundi aandike karatasi. Nikamwambia nakuja Jumamosi lakini nitaandika kile chuma itasema.

Nilikuta lori imekaa chini ya mgunga, kuku wametaga ndani ya kebu. Ukiiona tu unajua ni zile Canada walitengenezea jeshi la Uingereza na wenzake, zilitoka zaidi ya 400,000, zingine Ford zingine Chevrolet, na kwa mbali zinafanana kama mapacha. Kioo cha mbele kimelala kinyume, juu ndio imetokeza kuliko chini, walifanya hivyo ndio jua lisimulike kwa kioo ndege ya adui ikaona. Huo muundo wa kebu unaitwa namba 13, na nyingi za hiyo kebu ni za 1942 hadi 1945. Yaani ile 1941 ya jamaa ilianza kuyumba hata sijafungua boneti.

Ford ingekuwa V8 ya valvu za pembeni. Hii ilikuwa silinda sita za kupanga laini, valvu juu, basi ni Chevrolet. Sasa Chevrolet gani? Kuna 216 na kuna 235, hizo ni inchi za ujazo, kama lita 3.5 na 3.9, na ukisimama kando unaweza apa ni kitu moja. Hii kifuniko chake cha ubavuni kilikuwa kirefu mpaka kimezunguka plagi, kwa hivyo si zile 235 za kuanzia 1950, hizo zina kifupi. Lakini 235 za wakati wa vita nazo zina kirefu, hapo bado hatujatoka.

Hapa ndio mafundi wengi wanapima boa, yaani upana wa tundu la silinda, wanafunga kesi. 216 ni milimita 88.9, 235 ni 90.5. Tukatoa silinda hedi, nikaweka kalipa, ikasoma 90.4, jamaa akapiga makofi, ni ile kubwa! Pole boss. Injini ya umri huo imeshapelekwa riboa, yaani silinda zimechongwa upya zikapanuka, na 216 ukiipeleka ovasaizi 60 (elfu 60 za inchi, kama milimita 1.5) inafika hapo hapo 90.4. Kitu riboa haigusi ni mwendo wa pistoni, hiyo iko kwa krankshafti, ile shafti inazungushwa na pistoni. Nikazungusha na henderi pole pole, pistoni juu kabisa nikapima, chini kabisa nikapima, tofauti ikakuja 95. Kwa 235 ingekuwa 100. Ni 216, basi. (Na ile presha ya oili ya psi 14 fundi mwingine alimwambia ati injini imekufa, kwa 216 hiyo ni kawaida, konrodi zake, zile vyuma zinaunga pistoni na krankshafti, zinajichotea oili na vijiko huko chini, hazingoji presha.)

Sasa mwaka. Kuna namba mbili watu huchanganya. Moja imegongwa, imezama ndani ya chuma kando ya distribyuta, na hiyo mtu yeyote mwenye grainda na stempu anaweza kukupangia. Ingine imetokeza nje, ilizaliwa na bloku siku chuma ilimwagwa kwa moldi ya mchanga. Kwa Chevrolet inaanza na herufi ya mwezi, A ni Januari mpaka L Desemba, halafu siku, halafu tarakimu ya mwisho ya mwaka.

Kuipata ilinimaliza lisaa limoja na nusu. Grisi ilikuwa imekauka kama lami, nikaloweka na petroli, nikasugua na brashi ya waya (grainda hapana, tafadhali), nikalaza chaki nikapitisha juu ya vile vinundu, nikamulika na simu kutoka upande si mbele, ndio ikajitokeza: F 8 4.

Tarehe 8 Juni, mwaka unaishia 4. Hiyo ndio maana tulisumbukia aina kwanza, juu 216 hizi zilianza 1937 zikaisha 1953, kwa hivyo 34 haiwezi, 54 haiwezi. Ni 1944, siku mbili tu baada ya majeshi kutua Normandy, hiyo nilimwambia ya kumpoza.

Na si kusema lori nayo ni ya 1944. Jeshi lilikuwa likibadilisha injini, mbovu inatoka ingine inaingia, na kibati cha kebu, kile kingeonyesha mwaka wa lori, hakikuwepo. Kwa karatasi nikaandika: Chevrolet 216, bloku ya 8 Juni 1944, ovasaizi 60, kebu 13, mwaka wa lori haujathibitishwa.

Jamaa akasoma mara mbili. Akauliza, fundi, hiyo 4 haiwezi fanywa 1? Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya ile namba aisikie vile imetokeza. Akacheka, akapanda kwa kebu kunitolea mayai ya kubeba.