Yoga si "muungano" tu

Walimu wengi wa yoga hufungua darasa kwa kusema neno hilo maana yake ni "muungano", wa nafsi na Mungu. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Mzizi wake wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni yuj. Katika Rigveda, mkusanyiko wa tenzi takatifu za kale za India, unatumika kwa jambo la kawaida kabisa: kufunga farasi kwenye gari. Yuga, yaani nira ya ng'ombe, imetoka humo humo. Lakini orodha ya mizizi ya sarufi ya Panini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, inazo yuj zaidi ya moja, zikiwemo ya kuunganisha, na ya samadhi, utulivu wa akili. Vyasa, mfafanuzi wa kale, akieleza sutra za Patanjali (vifungu vifupi ambavyo ni maandishi ya msingi ya yoga), alichagua hiyo ya samadhi: yoga ni samadhi. Tena lengo la Patanjali ni kaivalya, roho kujitenga na maumbile. Muungano uko wapi hapo?