Boksi la sabufa: la kuziba au la tundu?

Spika ya besi hutoa sauti pande mbili. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikisukuma hewa mbele, mgongoni inaivuta. Iwashe bila boksi uone: sauti hizo mbili zinakutana, zinafutana, besi haipo. Kazi ya boksi ni kuamua sauti ya mgongoni ifanywe nini.

Boksi la kuziba huifungia ndani. Hewa iliyobanwa inakuwa springi, inairudisha koni mahali pake na mdundo unakatika palepale. Wapenzi wa singeli hili ndilo lao. Muziki ule huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 240, kiki na kiki, yaani mapigo ya ngoma kubwa, zimeachana robo sekunde tu. Boksi linalochelewa kunyamaza litakupa ngurumo moja ndefu, halafu lawama zote kwa amplifaya. Taarabu na dansi nazo zinalifaa, maana gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene kabisa uko kama hezi 41 (mitikisiko 41 kwa sekunde), hutembea noti kwa noti na kila moja inataka kusikika.

La tundu lina bomba. Hewa iliyo ndani ya bomba hutikisika kwa noti moja iliyopangwa, mara nyingi kati ya hezi 30 na 40, na hapo sauti ya mgongoni hutoka nje kuiunga mkono ile ya mbele. Amplifaya ileile, mtikisiko mkubwa zaidi. Besi ya amapiano, ile ndefu inayovutwa, inanoga humo. Lakini chini ya noti hiyo sauti huporomoka kwa desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila oktava, yaani kila hezi zinapopungua nusu, wakati la kuziba hushuka 12, na koni inabaki bila breki hadi inaweza kuharibika. Filta ya kukata sauti za chini kabisa ni lazima. Likipangwa vizuri halichelewi sana. Tatizo ni kwamba mengi ya mtaani hutobolewa kwa macho. Tena linakula nafasi: spika ya inchi 12 inayotosheka na lita 30 za kuziba inaweza kudai 50 au zaidi. Kwenye bajaji, utazitoa wapi?

Lipo pia la vyumba viwili, spika imefichwa ndani. Linapiga kwa nguvu kwenye sauti chache tu. Kwa gari la matangazo sawa, sebuleni linachosha.

Ukinunua boksi tupu Kariakoo, uliza lina lita ngapi na bomba limepangwa hezi ngapi. Ukijibiwa "hilo linapiga balaa", nenda duka la pili.