Ukisikia "table" kikaoni, uliza kwanza nani kasema

Kabla sijaingia kwenye kibanda cha ukalimani, karatasi ya kwanza ninayoiomba kwa waandaaji si hotuba ya mgeni rasmi, ni orodha ya wajumbe na nchi watokako. Hotuba naweza kuifukuzia hivyo hivyo. Kitenzi table hakifukuziki.

Mwingereza akisema "let's table this proposal", anataka pendekezo liletwe lijadiliwe sasa hivi. Mmarekani akitamka maneno hayo hayo, anataka liwekwe kando, na huenda lisirudi tena. Winston Churchill amelisimulia hili katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa dharura, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka ku-table. Wamarekani wakaelewa kuwa waraka unakwenda kufungiwa kwenye droo. Yakazuka mabishano marefu, tena makali, kumbe pande zote mbili zilitaka jambo lile lile.

Sisi tumerithi upande wa Uingereza. Fungua Hansadi, yaani taarifa rasmi ya mijadala, ya Bunge la Tanzania, kurasa za mwanzo tu utakuta "Hati za kuwasilisha mezani". Kwa hiyo mbunge wa Dodoma au wa Nairobi akisema table, kwa kawaida analeta. Taabu ni pale mwenyekiti amesomea Marekani, au warsha inapoendeshwa na shirika lenye makao Washington. Hapo sikio langu liko kwenye sentensi inayofuata: akitaja ajenda nyingine, jambo limeahirishwa, akimpa mtu nafasi ya kuzungumza, limeletwa. Katika ukalimani sambamba unakuwa nyuma ya msemaji kwa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo mtaji wako. Zisipotosha, naanza na "kuhusu pendekezo hili…" kisha naiacha sentensi ining'inie mpaka maana ijitokeze yenyewe.

Misemo mingine ya vikaoni haina kazi kubwa. "Can I pick your brain?" ni kuomba kuchota ujuzi wa mwenzako. "Let me bounce an idea off you" ni kumwonjesha mtu wazo ambalo bado bichi. "My two cents" ni mchango wangu mdogo, wala usianze kubadilisha senti kuwa shilingi. "Think outside the box" imetumika mpaka imechakaa. Nasema "tufikiri tofauti" na maisha yanaendelea.

Brainstorm ndiyo yenye historia. Mwanzoni haikuhusu mawazo mazuri hata kidogo, ilikuwa tufani ya kichwani, akili kuruka ghafla. Mwaka 1906, tajiri Harry Thaw alimpiga risasi msanifu majengo Stanford White mbele ya watu huko New York, na kesi iliposikilizwa mwaka 1907 utetezi ukadai kwamba alipatwa na "brain storm". Mwingereza wa makamo akikwambia "I had a brainstorm" huenda bado anamaanisha kwamba alichanganyikiwa kwa muda. Aliyeisafisha ni Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1953 kiliueneza utaratibu tunaouita bungua bongo. Masharti yake ni manne: mawazo yawe mengi, hata ya ajabu yakaribishwe, watu waendeleze ya wenzao, na hukumu isubiri. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku. Mtu anataja wazo, jirani yake keshaguna.

Na anayeguna kwa Kiingereza huja na kinga mkononi: "let me play devil's advocate". Cheo hicho kilikuwepo kweli katika Kanisa Katoliki. Papa Sixtus V alikiweka rasmi mwaka 1587: ofisa wa kutafuta kasoro za anayependekezwa kuwa mtakatifu, ili asipitishwe kwa ushabiki. Papa Yohane Paulo II alikipunguzia nguvu mwaka 1983. Maana yake kikaoni ni kwamba msemaji anapinga kwa makusudi ili hoja ipimwe, na huenda yeye mwenyewe anaiunga mkono. Sitamki "wakili wa shetani" mbele ya masheikh na wachungaji. Nasema "niruhusuni nipinge kidogo tuipime hoja hii". Wengi wanaolitumia, kwa kweli, wanapinga kabisa na wanatafuta pa kujificha, lakini hilo si la mkalimani kulisema.

Ila kikao kikiwa bado cha kubungua bongo, mwenyekiti anayeijua kazi yake humkatiza hapo hapo: pingamizi zingoje baada ya chai.