Je, wajua kwa nini glovu nyeupe ya kipa hutoka na ukingo wa zambarau pichani?

Kwenye skrini ndogo ya kamera picha ilikuwa safi: mechi ya mchangani Coco Beach, saa saba mchana, kipa kajirusha na mpira umemgusa ncha za vidole. Nilipofika nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka glovu ikajaa kioo. Pembeni mwa kila kidole palikuwa na mstari wa zambarau, kama wa mtoto aliyetoka kula zambarau akajifutia pale.

Wengi wakiona hivyo hudhani lenzi imechafuka au kamera imeharibika. Sivyo. Rangi ile imo ndani ya mwanga wenyewe.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na kioo hakizipindi zote sawasawa. Urujuani, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400, hupinda zaidi kuliko nyekundu inayokaribia nanomita 700. Kwa hiyo miale ya kijani ikikutana barabara juu ya sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, urujuani umeshakutana mbele kidogo na umeanza kutawanyika, na nyekundu bado haijakutana. Mabaki ya hizo mbili yakichanganyika ndiyo zambarau unayoiona. Mara nyingi hufichika, ila cheupe kinachowaka kikipakana na giza, kama glovu ile mbele ya kivuli cha minazi, hakuna pa kujificha.

Tatizo hili ni la zamani. Isaac Newton aliamini halitibiki kwa kioo, ndiyo maana mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kutumia kioo cha kujitazamia, kwa sababu kioo hicho huakisi rangi zote kwa pamoja. Baadaye, mwaka 1758, John Dollond alipata hataza Uingereza ya lenzi yenye vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikirekebisha kosa la mwenzake. Lenzi za leo zinafuata njia hiyohiyo, na zile ghali huongezewa kioo maalumu kinachotawanya rangi kidogo sana.

Lakini huna haja ya kukimbilia duka la lenzi. Mimi siku ile nilikuwa nimefungua tundu la lenzi mpaka f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nikitaka watazamaji wa nyuma wafifie. Tundu likiwa wazi hivyo, miale ya pembezoni mwa lenzi nayo huingia, na ndiyo inayokosana zaidi. Ukilibana mpaka f/4 au f/5.6, mstari hupungua sana. Na jua la Dar linaruhusu: kuna siku mwanzoni mwa Machi, na tena mwezi Oktoba, linapita utosini kabisa, mchanga nao unalirudisha juu. Kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/4, jua kali la mchana linakupa kasi ya karibu sekunde 1/1600, inayotosha kuugandisha mpira hewani. Punguza pia mwanga kidogo, ili weupe usiungue, yaani usizidiwe na mwanga hadi ukapoteza alama zake. Weupe ulioungua huvimbisha mstari.

Kuna kosa la pili linalofanana na hili. Likionekana kwenye kona za picha tu, na upande mmoja wa nguzo ya goli ni zambarau na wa pili kijani, kubana tundu hakutasaidia. Hapo rangi zimetua kwa ukubwa tofauti, na kompyuta huzipanga upya kwa kubofya mara moja. Kamera nyingi hufanya hivyo zenyewe kwenye JPEG, faili la picha la kawaida.

Mstari wa glovu ndio unaotaka mkono mtulivu. Programu ya kuhariri picha kama Lightroom, au darktable ambayo ni ya bure, ina kifaa cha kuufuta: unaichagua rangi ile, kisha unapunguza nguvu yake polepole huku umekuza picha. Usikiachie kifaa hicho picha nzima. Kinachofuta ni zambarau, nacho hakijui kama ni ya lenzi au ya jezi. Nilipokosea hivyo mara ya kwanza, beki aliyesimama nyuma ya kipa alibaki na pindo la kijivu, ilhali jezi yake ilikuwa na pindo la zambarau. Nikarudi nyuma, nikapaka marekebisho kwenye vidole tu.