Plastiki inayopitisha umeme na mwanga: dhana potofu na ukweli

"Plastiki haipitishi umeme, ndiyo maana nyaya huvishwa plastiki."
Ya nyaya, kweli. Lakini mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa plastiki iitwayo poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme, kazi iliyowapa Nobel ya Kemia mwaka 2000. Kwenye tando angavu za kuchapwa, inayotumika sana leo ni PEDOT:PSS, mchanganyiko wa PEDOT, plastiki inayopitisha umeme, na PSS, plastiki inayoisaidia kuchanganyika na maji; huwa wino wa maji wa buluu iliyokoza. Utando wake ukiwa na unene wa nanomita 100 hivi, buluu hufifia mpaka uweke karatasi nyeupe nyuma yake ndipo uione.

"Utando bora ni wenye ukinzani mdogo kuliko yote."
Kwenye paneli ya jua au sensa ya mwanga, utando huu hupitisha mwanga uingie ndani na kutoa umeme nje. Hapa wengi hupotea, wahandisi wakiwemo. Hoja hii ni ya paneli za jua, ambako mkondo wa umeme ni mkubwa na kila omu inakula nguvu. Sensa ya mwanga, kama ile ya kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, mara nyingi hutoa mikroampia chache tu. Mikroampia 1 ikipita kwenye omu 200 hupotea volti 0.0002. Nani ataiona? Ukinzani huanza kusumbua sensa ikiwa pana na mwanga ukibadilika kwa kasi kubwa.

Adui halisi ni mkondo wa gizani, yaani umeme unaovuja hata pasipo mwanga, maana ndio unaomeza ishara dhaifu. Nyuzi za fedha nyembamba mno zina ukinzani mdogo wa kuvutia, lakini ncha zake zikichomoza hutoboa tabaka la ogania, lile linalogeuza mwanga kuwa umeme, ambalo lenyewe ni nanomita mia chache, na hapo ni shoti. Mimi ningechukua utando wenye uso uliosawazika, hata kama ukinzani wake ni mkubwa zaidi.

"Kuchapa ni kutia wino kwenye printa, basi."
Printa ndiyo sehemu rahisi. Dondosha maji kwenye chupa tupu ya soda: tone linajikunja, halitandai. Chupa hiyo ni PET, plastiki ileile inayochapiwa, na wino wa maji hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo uso hupigwa plazma (gesi iliyochajiwa kwa umeme) kwanza, au wino hutiwa kitu cha jamii ya sabuni. Huongezwa pia kiyeyusho kama DMSO, kinachoweza kupandisha upitishaji umeme mara mamia. Kukausha nako ni kwa hadhari, kwani PET hujipinda joto likizidi.

"Ikikunjika bila kupasuka, itadumu."
Ni kweli PEDOT:PSS huvumilia kukunjwa kuliko ITO, oksidi ya indiamu na bati iliyozoeleka kwenye tando angavu za umeme, ambayo hupata nyufa ikivutwa kwa asilimia chache tu. Ila PSS ni tindikali na hunyonya unyevu, nayo plastiki ya kawaida hupitisha oksijeni na mvuke polepole. Bila tabaka la kuzuia hewa, sensa inaweza kuchakaa ikiwa imelala mezani, haijakunjwa hata mara moja.